Msunguti: Jina la Mmea na Onyo Lililofifia

Msunguti, ambao kisayansi huitwa Acokanthera schimperi, ni kichaka au mti mfupi wenye majani magumu na maua meupe yanayonukia, unaoota kuanzia Yemeni na Pembe ya Afrika hadi Tanzania. Gome na miti yake huchemshwa kwa saa nyingi hadi yapatikane masalia mazito, meusi kama lami, ambayo wawindaji wa Kigiriama na Kikamba waliyapaka kwenye mishale. Sumu hiyo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Tumboni hufyonzwa kidogo mno, ndiyo maana nyama ya windo iliweza kuliwa.

Wagiriama huuita mmea huu mutsungu, na sumu yenyewe utsungu. Sauti ts ya Kimijikenda huwiana na t ya Kimvita na ch ya Kiunguja, kama ilivyo katika matso, mato na macho. Kwa uwiano huohuo, utsungu ni ndugu wa utungu na uchungu. Mgiriama anapoutaja mti, ameitaja pia sumu yake. Neno msunguti halifuati kanuni hiyo. S yake yaelekea kuwa alama ya mkopo kutoka lugha jirani. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili Sanifu hausikii tena uchungu uliomo.

Hili si suala la etimolojia tu. Matunda yaliyoiva ya mmea huu huliwa katika baadhi ya maeneo, ilhali mabichi yana sumu. Mzazi anayemkimbiza mtoto zahanati anaweza kusema kivai kwa Kikamba, olmorijoi kwa Kimaasai au mutsungu, na tabibu aliyefundishwa jina la Kilatini pekee asitambue kuwa ni mmea mmoja. Fasili ya kamusi inayoishia kwenye “aina ya mti wenye sumu” haimfai yeyote kati yao. Kidahizo msunguti kinastahili kuambatana na majina ya lugha jirani, na kueleza ni sehemu ipi inayodhuru na katika hali gani.

Kemia ilikwisha kukopa. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alipoitenga sumu ya jamii hii ya mimea, iliitwa ouabaïne, kutokana na neno la Kisomali waabaayo. Waundaji wa istilahi hawana haja ya kuiswahilisha tahajia ya Kifaransa: umbo wabaini liko karibu zaidi na chimbuko lake, na hutamkika bila taabu.