Namba Bila Kizio: Mipangilio ya Kasi ya Upepo katika Programu za Nyumbani kwa Mfano wa Busisi

Makala haya yanafafanua uhusiano baina ya kizio kinachoonyeshwa kwenye skrini na namba ambayo programu huitumia kutoa tahadhari. Programu inayochunguzwa ni Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Mahali panapozingatiwa ni Busisi, wilayani Sengerema, katika ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, msafiri wa barabarani hangoji tena kivuko. Mvuvi wa dagaa hana daraja. Hutoka usiku na taa zake, na kwake kasi ya upepo ni suala la uhai.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali kwa kilomita kwa saa, na kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni 40, pamoja na mawimbi yanayofikia mita 2. Taarifa za viwanja vya ndege, cha Mwanza kikiwamo, hutaja upepo huohuo kwa maili za baharini kwa saa, yaani noti. Wanasayansi wa hali ya hewa hupendelea mita kwa sekunde. Kilomita 40 kwa saa ni takriban noti 22, au mita 11 kwa sekunde.

Katika Home Assistant, mtumiaji huchagua mfumo wa metriki au ule wa Marekani, kisha anaweza kubadili kizio cha kihisi kimojakimoja. Ubadilishaji wa onyesho hufanyika kwa usahihi. Tatizo limo katika kanuni ya tahadhari, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa namba tupu. Tuchukulie kanuni isemayo: kasi ikizidi 40, washa king'ora. Mtu wa nyumbani akibadili kihisi kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, skrini itaonyesha 11.1 badala ya 40, lakini kanuni itabaki na 40 yake. Sasa king'ora kitasubiri upepo wa kilomita 144 kwa saa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa kuwa kila kinachoonekana ni sahihi. Kinyume chake, kanuni ya 11 iliyoandikwa kwa mita kwa sekunde italia kwa upepo mwanana wa kilomita 12 kwa saa, na wenye nyumba watazoea kuipuuza. Hatari hii ya pili, kwa maoni ya mwandishi, si ndogo kuliko ya kwanza.

Mgandamizo wa hewa una utata wa aina nyingine. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo kihisi cha Busisi husoma karibu hektopaskali 885, ilhali utabiri wa intaneti huonyesha karibu 1,013 kwa sababu umerekebishwa hadi usawa wa bahari. Hapa kizio ni kimoja. Kinachotofautiana ni marejeo.

Kwa upande wa upepo, kanuni ingepaswa kuhifadhi namba pamoja na kizio chake, na programu ilinganishe vyote viwili. Kwa sasa, anayeweka mfumo huo anaweza kutenga vihisi viwili: kimoja cha kanuni, kisichoguswa, na nakala yake ya skrini, ambayo kila mtu ataisoma kwa kizio akipendacho.