Kicheko hakipunguzi kilo



Kwetu Ruashi kila mtu ana neno juu ya mwili wa mama. Akinenepa baada ya ndoa, wanasema bwana anamtunza. Akikonda, wanauliza ana ugonjwa gani. Akizidi kunenepa, wanamwita "Kilo Mia". Ndani ya bisi anaambiwa alipe nafasi mbili, na kwenye arusi wanatazama bukari kwenye sahani yake.

Wengi wanafikiri maneno hayo yatamfanya ajikaze. Watafiti wameona kinyume: anayechekwa mara nyingi anakula zaidi kwa huzuni, anaogopa kutembea mbele ya watu, na anakimbia waganga.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema unene wa kupita kiasi ni ugonjwa wa kudumu. Mwaka 2022, mtu 1 kwa kila watu 8 duniani alikuwa nao. Chakula cha mafuta mengi na sukre vinachangia, lakini pia damu ya ukoo, usingizi mdogo na dawa fulani. Basi tusiseme ni uvivu tu.

Dada mwembamba naye anachekwa, mpaka anameza vidonge vya deksametazoni ili apate mwili. Dawa hiyo munganga anaitoa kwa magonjwa fulani. Ukiinywa ovyo inapandisha sukari na tansio, na mifupa inakuwa dhaifu. Aliyeizoea asiache ghafula. Amuone munganga kwanza.

Hatari kubwa iko kwa mama mwenye mimba. Unene unaongeza nafasi ya kupata tansio, na tansio ya mimba inaweza kuua mama na mtoto. Kama kilo zake zinasomwa kwa sauti mbele ya foleni na watu wanacheka, mwezi unaofuata hatarudi kupimwa. Mama, una haki ya kuomba upimwe pembeni. Kama mkono wako ni mnene, omba pia ukanda mkubwa wa kupimia tansio, kwa sababu ukanda mdogo unaonyesha namba ya juu kuliko ile ya kweli.

Kwenye masomo ninaona jambo hilohilo. Mtoto aliyepewa jina la unene anaacha kukimbia wakati wa mapumziko, kisha anaacha hata kwenda ubaoni. Katika darasa langu kila mtoto anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi.

Nyumbani, usimtengee mtoto mnene sahani ya aibu mbele ya ndugu zake. Badilisha chungu cha wote: mafuta kidogo kwenye sombe, maji mahali pa sukre, bukari ya kiasi na mboga nyingi. Jioni tembeeni pamoja.

Na katika kikundi chetu, mwenzetu akiogopa kwenda kupimwa, mmoja wetu amsindikize. Akisikia mtu anamcheka pale, aseme: "Huyu mama amekuja kutafuta afya, mwacheni apimwe."