Kamba ya Miaka Ikitoka Nje ya Darasa

Mwambie mtoto wa miaka saba kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ataitikia, ataandika daftarini kwa mwandiko mzuri, kisha atakuuliza kama siku ile ulikuwepo. Kwake yeye 1961 na juzi ni mtaa mmoja. Ndiyo maana katika darasa langu la pili, hapa Kilwa Masoko, tarehe haiandikwi ubaoni kabla kamba haijafungwa.

Kamba yenyewe ni ya katani, ile ile ya kufungia mizigo. Tunapiga fundo kila baada ya sentimita 10, na kila fundo ni mwaka mmoja. Fundo la kwanza ni mwaka huu. Mtoto anahesabu kurudi nyuma hadi mwaka aliozaliwa, anabana hapo karatasi yenye jina lake kwa kibanio cha nguo. Anatafuta fundo la kaka, la mama, la bibi. Wakifika kwa bibi kelele zinaanza, maana kila mmoja anataka bibi yake ndiye awe mkubwa kuliko wote. Uhuru unaangukia mita 6 na nusu hivi kutoka mwanzo, karibu na mlango. Hapo ndipo ninapouliza: na Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, tumweke wapi?

Inabidi tutoke nje. Ni karibu mita 70. Kamba haitoshi, kwa hiyo tunamalizia kwa hatua, tukipita mlingoti wa bendera hadi ukingoni mwa uwanja wa mpira. Ninamchagua Ibn Battuta kwa sababu kisiwa alichoshukia, Kilwa Kisiwani, kiko ng'ambo ya mlango wa bahari, na baadhi ya wanafunzi wangu wana shangazi wanaoishi huko. Magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa wameyaona kwa macho yao. Kilichokosekana ni umbali tu.

Wazazi huniuliza muda wa mambo haya ninautoa wapi, ilhali darasa la kwanza na la pili kazi ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Jibu ni kwamba sijautoa popote. Kuhesabu mafundo ni kuhesabu. Sentensi tatu kuhusu utoto wa bibi ni kuandika. Nina ugomvi wa muda mrefu na zile picha za viongozi zinazobandikwa ukutani watoto wazikariri majina: mtoto anaweza kuyataja yote kwa mpangilio na asijue chochote kilichotokea.

Nina boksi la vitu vilivyopitwa na wakati: kibatari, kaseti, senti 50 yenye sungura, na senti 10 ya enzi ya Mwingereza yenye tundu katikati. Kitu kinapita mkono kwa mkono bila mimi kusema neno. Senti yenye tundu wengi huifikiri ni washa ya baiskeli. Mmoja akasema tundu ni la kutungia uzi, nikamtuma kwa babu yake, akarudi na habari kwamba ndivyo walivyozibeba. Pasi ya mkaa nimeiondoa boksini. Nyumba kadhaa hapa mtaani bado zinaitumia, na watoto walinishangaa kuiita ya zamani.

Kanuni ya darasa ni moja: mtu yeyote akisema jambo la zamani, mimi nikiwemo, unaruhusiwa kumuuliza, "Umejuaje?" Anayeulizwa aseme kama aliona mwenyewe, au aliambiwa na nani, au kuna kitu kilichobaki kinachoonyesha. Wengine huona ni utovu wa adabu mtoto kumuuliza mkubwa hivyo. Basi aanze na shikamoo, kisha aulize.

Swali hilo lilituletea kazi nzuri kuliko zote. Niliwatuma wakaulize nyumbani: kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu wa Kilwa walivukaje Mto Rufiji kwenda Dar es Salaam? Wote walirudi na pantoni ya Ndundu. Lakini bibi wa msichana mmoja alisema walilala mtoni wakisubiri, wakala mpaka chakula cha safari kikaisha. Babu wa mvulana mwingine, aliyekuwa utingo wa lori, alisema walikuwa wakifika, wanapanda, wanavuka, basi. Darasa likagawanyika. Nani muongo?

Sikuwajibu. Niliwarudisha na swali moja zaidi: ilikuwa msimu gani? Bibi alisafiri masika, mto umefura na barabara ni tope. Babu alikuwa akizungumzia kiangazi. Wote walikuwa wakweli, na watoto waligundua wenyewe, kwa kuuliza tena. Mwanahistoria chuo kikuu hufanya hivyo hivyo, ila kwa karatasi nyingi zaidi.

Kwa wanaopenda kuchafuka, kuna karai la mchanga. Chini kabisa nafukia vipande vya chungu, juu yake kibatari kibovu, juu kabisa kizibo cha soda. Wanachimba kwa kijiko na brashi ya rangi, na hairuhusiwi kutoa kitu kabla ya kukichora pale kilipolala, kwa sababu kikishatolewa huwezi kujua tena kilikuwa chini ya nini. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1960 kwa kufuata tabaka hivyo hivyo. Vigae vya ufukweni Kisiwani hatuviokoti: mahali pale pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na sheria inapalinda.

Na mambo machungu? Sikubali watoto waigize watumwa au watu wanaonyongwa. Lakini Vita vya Majimaji siwafichi. Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, wilaya hii hii, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kulima. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri sana kulimishwa shamba la mwingine. Huniuliza kama maji ya dawa waliyokunywa wapiganaji yalizuia risasi. Ninawaambia hayakuzuia, na kwamba walioyanywa waliamini yangezuia. Wanakaa kimya kidogo, halafu mmoja anasema, "Umejuaje, Mwalimu?"

Mzazi, huhitaji boksi wala karai. Waliovuka kwa pantoni, waliopanga foleni ya sukari, waliosomea kibatari, wengi bado wapo, pengine chumba cha pili. Mpe mwanao maswali mawili, mtume leo jioni, na akirudi usimsahihishe. Muulize amejuaje.