Raundi za Uwanja Pekee Hazimpi Chipukizi Pumzi ya Mechi

Katika viwanja vingi vya mashinani, mazoezi ya pumzi kwa timu za vijana bado ni raundi kumi za uwanja kabla ya mpira kuguswa. Raundi hizo zina faida yake, lakini hazifanani na mechi. Mchezaji hakimbii kwa mwendo mmoja. Hutembea, hurudi nyuma, husimama, kisha ghafla hutimka mita 20 kuuwahi mpira.

Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka wa 2001 uliwafuatilia wachezaji chipukizi 19 wa umri wa takriban miaka 18. Kundi moja liliongezewa mbio kali za dakika 4, zikifuatwa na mwendo wa taratibu wa dakika 3, mara 4 kwa kila zoezi, siku 2 kwa wiki. Baada ya wiki 8, masafa waliyokimbia katika mechi yaliongezeka kwa asilimia 20, na mbio zao za kasi zikawa maradufu. Waliobaki na mazoezi ya kawaida hawakupata mabadiliko hayo.

Kocha asiye na kifaa cha kupima mapigo ya moyo anaweza kumsikiliza mchezaji. Kasi ikiwa sawa, ataweza kutamka maneno mawili matatu, si kusimulia hadithi. Mechi ndogo za watatu kwa watatu pia hufanya kazi hiyo, na vijana huzipenda zaidi. Watoto wa chini ya miaka 12 hawahitaji mbio hizo kali. Michezo ya mpira inawatosha. Na kijana anayerefuka haraka akilalamikia maumivu chini ya goti, apunguziwe mazoezi na apimwe, asiitwe mvivu.

Linalohitaji tahadhari zaidi ni joto, hasa Pwani kati ya Januari na Machi. Mazoezi yafanywe asubuhi mapema au jua likishapungua. Kumnyima mchezaji maji ili "akomae" si mafunzo, ni kumhatarisha. Mwenye homa apumzike. Mwenye ugonjwa wa selimundu apate kwanza ushauri wa daktari, na kocha ajulishwe na mzazi.

Mchezaji akianza kuyumba au kuongea yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, avuliwe jezi, amwagiwe maji baridi mwili mzima na apepewe huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asirudishwe uwanjani siku hiyo, hata akisema amepata nafuu.