Kuongeza Kadi ya Michoro Katika Kompyuta ya Zamani

Swali la mfano

Mwenye steshenari huko Mwakitolyo, Wilaya ya Shinyanga, ana kompyuta ya mezani ya zamani. Inachapa barua vizuri, lakini akihariri video za harusi picha hukwamakwama. Amedunduliza fedha anunue kadi ya michoro iliyotumika, naye muuzaji hapokei kitu kikishauzwa. Kadi A hutumia wati 150 na kadi B wati 75. Pawa saplai imeandikwa wati 300, na mstari wake wa volti 12 umeandikwa ampea 18. Prosesa hutumia wati 95, diski na feni wati 15, vyote kutoka mstari wa volti 12. Mazabodi na kumbukumbu hutumia wati 25 kutoka mistari mingine. Mshauri anunue ipi, ukitoa sababu.

Mambo ya kujua kabla ya kujibu

Kadi ya michoro hukokotoa rangi ya kila nukta inayoonekana kwenye skrini. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, ni zaidi ya nukta milioni 124 kila sekunde. Kompyuta isiyo na kadi huiachia kazi hiyo sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa au mazabodi, ambayo huazima kumbukumbu ya kompyuta. Ndiyo maana kazi nzito huikwamisha.

Kadi huchomekwa kwenye nafasi ya PCI Express. Nafasi hiyo huipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huunganishwa na waya wa ziada kutoka pawa saplai: waya wa pini 6 huongeza hadi wati 75, na wa pini 8 hadi wati 150.

Jibu

Hatua ya kwanza: jumlisha wati zote.
Kwa kadi A: 95 + 15 + 25 + 150 = wati 285.
Kwa kadi B: 95 + 15 + 25 + 75 = wati 210.

Zote ziko chini ya 300. Watahiniwa wengi huishia hapa na kuchagua A kwa kuwa ina nguvu zaidi. Hilo ni kosa.

Hatua ya pili: pima mstari wa volti 12, kwa kuwa ndio unaobeba mzigo wa kadi na prosesa.
Nguvu = volti × ampea = 12 × 18 = wati 216.
Kwa kadi A: 95 + 15 + 150 = wati 260. Imezidi kwa wati 44.
Kwa kadi B: 95 + 15 + 75 = wati 185. Zimebaki wati 31.

Anunue kadi B. Akifunga A, kompyuta inaweza kujizima kila kazi inapokuwa nzito, na pawa saplai dhaifu inaweza kuungua.

Mambo mengine ya kukagua

1. Urefu na kimo cha kadi. Kasha jembamba huhitaji kadi ya kimo kifupi.
2. Tundu la skrini. Skrini ya zamani huwa na VGA, na kadi nyingi mpya hazina tundu hilo.
3. Programu. Kama programu ya kuhariri haitumii kadi, au prosesa ndiyo iliyolemewa, kadi mpya haitasaidia sana.

Namna ya kufunga

Zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Gusa chuma kitupu cha kasha ili umemetuli ukutoke. Puliza vumbi, katika maeneo ya machimbo vumbi huziba feni upesi, na kadi isiyopoa hupunguza kasi yake. Shika kadi kwenye kingo zake, usiguse meno yake ya kung'aa. Meno hayo hupakwa utando mwembamba wa dhahabu, kwa sababu dhahabu hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Ibonyeze kadi mpaka ikae, kaza skrubu, unganisha skrini kwenye tundu la kadi, kisha washa na uweke draiva.

Jipime

1. Kadi ya wati 120 inafaa kwa kompyuta ya swali la mfano?
2. Kwa nini waya wa kawaida hautoshi kuunganisha tundu la HDMI na skrini ya VGA?

Majibu: (1) Haifai: 95 + 15 + 120 = wati 230, zaidi ya 216, ingawa jumla yote ni 255. (2) HDMI hutoa mawimbi ya kidijitali na VGA hupokea ya analojia, hivyo huhitajika kigeuzi.