Hoteli Isiyotaka Watoto

Ukisikia neno "hoteli" hapa Migori, akili yako hukimbilia wapi? Bila shaka kwenye chai ya maziwa, mandazi, na ubao wenye bei ya ugali kwa samaki. Kitanda hakimo. Anayetaka kulala huonyeshwa lojing. Lakini ipo hoteli ya namna ya tatu, nayo imekwisha kufika ziwani kwetu: hoteli ndogo ya kifahari, ya kisiwani. Nyingine duniani hazipokei watoto kabisa, na kwa baadhi yazo mtoto ni pamoja na mimi wa miaka kumi na sita.

Hoteli za aina hii huitwa za butiki. Neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake duka dogo. Mwaka wa 1984 Ian Schrager na Steve Rubell walifungua hoteli iitwayo Morgans mjini New York, na Rubell akaifananisha na butiki, huku hoteli nyingine akizifananisha na maduka makubwa. Jina likashika.

Sasa twende Ugiriki, kisiwa cha Santorini. Kisiwa hiki ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mabaharia na maskini walichimba nyumba ndani ya jivu lililogandamana, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kujenga kwa namna nyingine. Ndani mna baridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa nyumba nyingi na watu wakahama. Baadaye mapango yale yalikarabatiwa, yakapakwa chokaa, yakawekewa vidimbwi vya kuogelea ukingoni mwa jabali. Jamani! Nyumba ya maskini ndiyo leo chumba cha bei ghali kuliko vyote. Kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000 kilipata wageni zaidi ya milioni tatu mwaka wa 2023.

Kwa nini baadhi ya hoteli za huko zinakataa watoto? Sababu ya kwanza ni ya haki: ngazi ni kali, kuta ni fupi, na chini ni genge. Mtoto wa miaka minne anaweza kuteleza akapotea. Sababu ya pili ni biashara. Chukua mfano wa kubuni: hoteli yenye vyumba 70 vya shilingi 5,000 hupata shilingi 350,000 kwa usiku mmoja. Yenye vyumba saba vya shilingi 50,000 hupata kiasi kile kile. Lakini ni nani atakayetoa elfu hamsini kwa kitanda? Kitanda ni kitanda tu. Mgeni yule analipia kimya. Mtoto mmoja akilia alfajiri, bidhaa imeharibika. (Wenye wadogo zao wachanga nyumbani watanielewa, hasa wakati wa mitihani.)

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Nadhani mdahalo wa Chama chetu muhula ujao ungefaa kuanzia hapo, walimu wakikubali.

Turudi nyumbani. Kutoka Migori unapitia Rongo na Homa Bay mpaka Mbita, unavuka daraja na kuingia Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka wa 1969. Ukitaka Mfangano, kwenye michoro ya kale miambani, unapanda boti. Mandhari si haba, na wageni wanakuja.

Mama yangu mdogo anaishi kwenye kisiwa kimoja cha ziwa hili. Kazi yake ni kuanika omena. Mwanawe wa kwanza ni mhudumu wa meza katika hoteli ya karibu, ambayo sitaitaja. Mwaka jana wenye hoteli waliomba kina mama wahamishe nyavu zao za kuanikia, ati wageni wanalalamikia harufu. Walihama. Siku hizi mama mdogo hubeba beseni kichwani mpaka upande wa pili, na mvua ikimkuta njiani omena huoza. Mshahara wa mwanawe ndio unaowalipia wadogo zake karo. Nilipowatembelea Agosti tulikula pamoja, na habari hiyo hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kimya kinachouzwa kisiwani hutengenezwa na watu wengine, wanaoondoka ili kipatikane.

Je, lazima iwe hivyo? Tazama Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Tangu mwaka wa 1994 matumbawe yake yamehifadhiwa na hayavuliwi. Pana nyumba saba tu za wageni. Kila paa hukinga maji ya mvua, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji. Watalii hulipa pesa nyingi, lakini sehemu ya pesa hizo huwapeleka watoto wa shule za Zanzibar kisiwani kujifunza matumbawe kwa macho yao. Huko mtoto ameandikwa ndani ya hesabu ya hoteli.

Mimi nataka kusomea kazi ya hoteli, pengine Chuo cha Utalii Nairobi kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Baba anasema ni kazi ya kubeba sahani. Nikifika huko nina swali moja la kuwauliza wakufunzi kabla ya somo la kukunja vitambaa vya meza: mkichora ramani ya hoteli ya ufuoni, mahali pa kuanikia omena mnapaweka wapi?