Rika, Maswali na Matatizo ya Kazini

Kujifunza kwa vitendo ni njia ya kukabili tatizo la kazini lisilo na jibu lililo tayari. Watu wachache, kwa kawaida wanne hadi wanane, hukutana mara kwa mara. Mmoja hueleza tatizo linalomkabili kweli. Wenzake humwuliza maswali, hawampi ushauri. Mwenye tatizo huondoka na jambo moja la kufanya, na katika kikao kinachofuata hurudi kueleza lilivyokwenda.

Njia hii ilianzishwa na Reginald Revans (1907–2003), Mwingereza aliyesomea fizikia Cambridge. Miaka ya 1940, akishughulikia elimu katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, alipendekeza mameneja wa migodi wafundishane wao kwa wao badala ya kungoja wahadhiri. Kwake, kujifunza ni jumla ya vitu viwili: maarifa yaliyokwisha kuandikwa, na maswali ya mtu aliye mbele ya jambo asilolielewa. Injini ya boti ikizima pale bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, maarifa yaliyoandikwa yanatosha: aitwe fundi. Matatizo mengine hayana fundi.

Kakao ya wilaya ya Kyela ni mfano mzuri wa matatizo hayo. Mbegu mbichi huvundikwa siku kadhaa, hugeuzwa, kisha huanikwa hadi zikauke vya kutosha kuingia ghalani. Kyela hupata mvua nyingi sana, na mvua hizo hazingoji mkulima amalize kuanika. Chukulia karani wa chama cha ushirika ambaye magunia yake yanarudishwa kwa sababu ya unyevu. Akiomba ushauri ataambiwa awakaripie wakulima. Makarani wenzake wa vyama jirani wakimwuliza, mambo hubadilika: Kakao hiyo ilivundikwa siku ngapi? Mvua ilipoanza, nani alikuwepo kwenye vichanja? Mkulima aliyeileta ikiwa bado na unyevu alihitaji fedha ya nini wiki ile? Huenda swali la mwisho likaonyesha kwamba shida ilianzia kwenye ada ya shule, wala haikuwa ya kuanika. Ushauri wa haraka usingeifikia.

Nguvu ya mkutano wa namna hii hutoka kwenye usawa wa wanaouliza, na jambo hilo si geni kaskazini mwa Ziwa Nyasa, iliko Kyela. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa wa huko kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vilivyojengwa kwa rika: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na wakazeeka wakiwa majirani. Kiini cha maisha hayo kiliitwa ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula nao na kuongea nao. Iliaminika kuwa hekima hupatikana katika mazungumzo hayo ya watu walio sawa. Monica Wilson alikiita kitabu chake cha 1951 *Good Company*, yaani ushirika mwema. Kasoro ya mfano huo ni kubwa: rika lililosimuliwa humo ni la wanaume, na wanawake walihamia katika vijiji vya waume zao.

Revans alikuta nguvu ya kuuliza kwa uhuru hospitalini pia. Katika utafiti aliouchapisha 1964, hospitali ambamo wauguzi wanafunzi walikuwa huru kuwauliza wakubwa wao ndizo ambamo wagonjwa walikaa siku chache zaidi. Ndugu wa karibu wa njia hii alifika Mbeya mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ilipoanza mfumo wa 5S-KAIZEN kwa msaada wa Japani na mfano wa Sri Lanka. Timu ndogo za wafanyakazi zilianza kupanga na kuboresha sehemu zao wenyewe, na mfumo ukaenea katika hospitali nyingine nchini.

Njia hii huharibika upesi bosi akiketi kwenye kundi: maswali hugeuka mahojiano, na majibu hugeuka utetezi. Huharibika pia likikosekana jambo la kutenda, kwa maana kikao hubaki maongezi tu. Wala haichukui nafasi ya mtaalamu. Matunda ya kakao yakioza mtini, bwana shamba ndiye wa kuitwa. Dawa aliyoielekeza isipopulizwa mashambani, swali la kwa nini haikupulizwa hurudi kwenye kundi.